Kabla ya kompyuta kubwa, laini itiwe kalafati

Mhariri,

Kila panapozungumzwa habari ya vijana wa pwani na sayansi, Malindi hata Lamu, hurudi neno lile lile: tungojee tujengewe jengo, ndani iwekwe kompyuta moja kubwa, ndipo na sisi tuingie katika utafiti wa dunia. Sisi ni mafundi wa mitandao na walimu wa kompyuta wa upande huu, na tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba neno hilo limekosea pa kuanzia. Mashine za kuanzia tunazo, zimelala gizani kila usiku katika maabara za shule na vyuo. Kinachokosekana ni laini ya intaneti isiyopoteza data, stima iliyopangiwa, na mtu mmoja wa kuziangalia ambaye kazi hiyo ndiyo mshahara wake.

Sayansi kubwa yenyewe iliacha zamani kutegemea mashine moja. Huko CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chembe hugonganishwa ndani ya handaki la kilomita 27, na data inayotoka humo hailingani na uwezo wa jengo lolote. Ndiyo maana ukaundwa mtandao wa kompyuta uitwao WLCG, wenye vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. CERN huhifadhi data ghafi, vituo vikubwa vya ngazi ya kwanza huweka nakala na kuichambua upya, na vituo vidogo vya ngazi ya pili, vingi vikiwa vyuo vikuu, hufanya hesabu za watafiti mmoja mmoja. Kituo cha kompyuta kubwa cha CHPC kule Cape Town kimo katika mnyororo huo. Tarehe 4 Julai 2012, CERN ilipotangaza kuiona chembe ya Higgs, hesabu iliyoleta tangazo lile ilikuwa imefanyiwa kazi katika vituo vya nchi nyingi.

Na Malindi si mgeni katika mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini nje ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Urushaji ulisimama mwaka 1988, lakini dishi hazikusimama. Mpaka leo kituo hicho hupokea data za setilaiti za Swift, NuSTAR na IXPE, kwa sababu kiko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na NuSTAR na IXPE huzunguka karibu juu ya mstari huo. Setilaiti hupita, humwaga data kwa dakika chache, halafu data husafiri: ya NuSTAR huelekea Berkeley, ya Swift huelekea Pennsylvania, zote Marekani. Kwa maneno mengine, sisi ni bandari ya data tangu wazee wetu wakiwa vijana, ila mzigo unashushwa na kupita. Hesabu inafanyiwa kwingine.

Sasa, si kila hesabu inagawika, na hapa ndipo wengi hupotea. Fikiria wali wa nazi wa arusi. Nazi 60 zikiletewa watu 10, kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia, zinakunwa kwa sehemu ya kumi ya muda, kwa sababu hakuna anayemngoja mwenziwe. Lakini sufuria ikishainjikwa, hata uite mtaa mzima, mchele utaiva kwa muda wake. Utabiri wa hali ya hewa ni wa aina ya sufuria: kila mraba wa anga unahitaji kujua jirani yake amefikia wapi kabla ya kusonga hatua moja, maelfu ya mara. Kazi hiyo inataka mashine zilizofungwa pamoja chumba kimoja kwa nyaya za kasi sana, na hiyo tuwaachie wenye nazo. Kuchambua picha za setilaiti, kulinganisha vinasaba, kujaribu maelfu ya namna ugonjwa unavyoweza kuenea, hizo ni nazi.

Hata kazi inayogawika huwa na sehemu isiyogawika. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967. Asilimia 5 tu ya kazi ikiwa lazima ifanywe na mashine moja, basi kompyuta 30 hazikupi kasi mara 30, zinakupa kama mara 12, na hata uongeze mashine elfu, hutavuka mara 20. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua chochote ni hili: ile asilimia isiyogawika ni ngapi?

Kugawa kazi kwa mashine za watu wa kawaida nako kumejaribiwa miaka mingi. SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa angani, ilianza Mei 1999 na kusimamisha ugawaji wa kazi Machi 2020. Programu ya kugawa kazi ya BOINC, iliyotokana na watu wa Berkeley, inaendesha miradi mingi hadi leo. Mwaka 2010, kupitia mradi wa Einstein@Home, nyota ya pulsa, ile inayotuma mawimbi kwa mapigo, ilipatikana na kompyuta za nyumbani, moja ya mume na mke wa Iowa, Marekani, nyingine ya mtu wa Mainz, Ujerumani. Folding@home, mradi wa kuiga mikunjo ya protini, ilipita hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwezi Machi 2020, dunia ilipokuwa imefungiwa ndani kwa Korona. Na ulikuwako mradi unaotugusa zaidi: malariacontrol.net, chini ya mpango wa Africa@home uliozinduliwa mwaka 2006, uliotumia kompyuta za wanaojitolea kuiga mwenendo wa malaria ili kupima njia za kuizuia. Malaria ni ya huku kwetu. Kompyuta nyingi zilizoihesabia zilikuwa za mbali.

Tuonyeshe kwa mfano wa hapa hapa. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha eneo moja kila siku 5, na picha hutolewa bure. Picha moja ya mraba wa kilomita 110 kwa 110 ina vitone 10,980 kwa 10,980, yaani zaidi ya milioni 120, na faili lake tuliweke megabaiti 700. Kwa mwaka ni picha 73, gigabaiti 51 hivi. Chukua maabara ya kompyuta 30, kila moja na prosesa ya viini 4, yaani sehemu 4 zinazohesabu kila moja kivyake, na memori ya gigabaiti 8. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili alfajiri, viini 120 kwa saa 12 vinatoa saa 1,440 za hesabu. Kiini kimoja kingehitaji siku 60, usiku na mchana, kufikisha hapo.

Anayeanza hufanya kosa moja karibu kila mara: hukabidhi kila kiini picha nzima. Picha ile ikifunguliwa kwenye memori kwa kanda 10 za rangi, baiti 4 kwa kila thamani, inakula gigabaiti 4.8. Viini vinne kwa pamoja vinataka gigabaiti 19 kwenye mashine ya gigabaiti 8. Mashine huanza kuandika memori kwenye diski, taa ya diski haizimiki, na kazi inajikokota au inakufa. Dawa yake ni kuikata picha vipande 100 vya vitone 1,098 kwa 1,098. Kila kipande sasa ni megabaiti 48 tu. Kwa picha 73 utapata vipande 7,300. Tuseme kila kipande kinachukua dakika 10. Usikitume kimoja kimoja. Funga sita pamoja ili kila kazi iwe ya saa moja. Kazi fupi mno hupoteza muda kwenye foleni na kunakili faili, na kazi ndefu mno hupotea yote stima ikikatika. Kazi 1,217 za saa moja kwa viini 120 ni duru 11, zinamalizika kabla ya wanafunzi kuingia.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa Lamu ataliona kabla ya mtaalamu wa Ulaya. Setilaiti hupita karibu saa ile ile, kama saa nne na nusu asubuhi, lakini maji hayafuati saa ya setilaiti. Picha moja itakuta maji yamejaa, mikoko midogo imezama, na nyingine itakuta maji yamekupwa na matope yako wazi. Ukizilinganisha bila kuandika hali ya maji, kompyuta itakuambia mikoko imekatwa na kuota tena ndani ya wiki moja. Basi kila picha ipewe alama ya maji ya siku ile kutoka jedwali la maji kujaa na kupwa, na zilinganishwe za maji yanayofanana. Picha zenye mawingu mengi ziondolewe kabla ya kugawiwa, zisile muda wa bure.

Kwa kugawa kazi ndani ya maabara, programu ya HTCondor, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1988, inatosha na ni ya bure. Mashine moja huwa nahodha: hushika foleni na kuoanisha kazi na kompyuta iliyo huru. Mwanafunzi akigusa kibodi, kazi husimama au kuhama. Nahodha awe na UPS yake, yaani betri ya kumshikilia stima ikikatika, na diski mbili zinazobeba nakala ile ile. Hizo nyingine 29 zikizimika si msiba.

Yanayoharibika ni madogo, na ndiyo yanayoua miradi. Tuchukue betri ya duara kama sarafu, CR2032, iliyokaa kwenye bodi ya kila kompyuta. Kazi yake ni kutunza saa wakati stima haipo. Katika maabara zinazozimwa kwenye ukuta kila jioni na likizo nzima, betri hiyo huisha mapema. Ikiisha, kompyuta huwaka ikiamini ni mwaka wa nyuma kabisa. Ikijaribu kuunganika na seva, cheti cha usalama kinaonekana "bado hakijaanza kutumika", na muunganisho unakataliwa. Ujumbe unaotokea kwenye skrini unafanana na hitilafu ya mtandao, kwa hiyo fundi anabadilisha waya, anabadilisha swichi, anapiga simu kwa kampuni ya intaneti, siku mbili zinapita. Na asidhani programu ya kurekebisha saa itamwokoa: ntpd, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1,000 huacha kazi badala ya kurekebisha. Pima betri kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.7, itoe. Badilisheni zote 30 siku moja, kila moja ibandikwe karatasi ya tarehe.

La pili ni mashine mlafi. Kompyuta moja diski yake imejaa. Inapewa kazi, inashindwa kuandika, inatangaza kushindwa ndani ya sekunde 2, halafu inaomba nyingine. Kwa kuwa daima inaonekana huru, nahodha anaipa nyingine, na nyingine. Dakika arobaini zikipita imeshameza foleni nzima ya kazi 1,217, na nyingine 29 zimekaa bure. Asubuhi unakuta kila kitu "kimekwisha" na hakuna jibu hata moja. Kila kazi lazima ianze kwa kukagua nafasi ya diski, na mashine iliyoshindwa mara tatu mfululizo itolewe kwenye foleni yenyewe bila kungoja binadamu.

Stima ina namna yake. Ikikatika, hesabu iliyokuwa kwenye memori inapotea, ndiyo maana programu ihifadhi ilipofikia kila dakika 10 au 15. Ikirudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, voltaji ikipanda na kushuka kwa dakika za mwanzo. Kompyuta 30 zikiwa zimepangwa kuwaka zenyewe stima inaporudi, zote huvuta kwa pamoja na swichi kuu ya ukutani huanguka. Zipangwe kuwaka kwa makundi ya tano tano, la kwanza dakika 5 baada ya stima kutulia.

Kuhusu gharama, tusidanganyane kwamba ni bure. Kompyuta ya mezani ikihesabu kwa nguvu zote tuipe wati 80. Thelathini ni kilowati 2.4, na kwa saa 12 ni uniti 28.8. Tukichukua shilingi 25 kwa uniti, ni shilingi 720 kwa usiku. Kila shule iweke bei ya bili yake. Mwalimu mkuu asipoambiwa hili mapema, bili ya mwezi wa kwanza ndiyo itakayoufunga mradi. Tena zile kilowati 2.4 zote hugeuka joto ndani ya chumba. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, Malindi usiku hakuna upepo wa kutegemea, na kufungua madirisha kunaingiza hewa ya chumvi inayotia kutu kwenye meno ya memori. Kazi nzito zipangwe msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, kukiwa na ubaridi. Betri za UPS za risasi nazo zina kanuni yake: kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Zikae sakafuni penye ubaridi, mbali na dirisha la jua.

Ziko pia kompyuta kubwa za mitumba. Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas ilipozimwa mwaka 2013, makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini ili yagawiwe vyuo vya Afrika. Ni msaada wa kweli kwa chuo chenye stima ya uhakika na wahandisi. Kwa sisi, mashine ya zamani inayokula stima nyingi kwa hesabu chache ni mzigo unaokuja ukiitwa zawadi.

Sasa laini, ambayo ndiyo hoja yetu kuu. Shule ikiambiwa ina megabiti 20 kwa sekunde, hudhani gigabaiti 51 zitashuka kwa muda wa saa sita hivi, na kwenye karatasi ndivyo. Lakini data husafiri kwa paketi, na anayetuma hungoja habari kwamba zimefika. Kutoka hapa hadi Ulaya na kurudi tuchukue milisekunde 150. Paketi moja ikipotea, mtumaji hudhani njia imejaa na hupunguza mwendo, kisha hupanda polepole. Safari ikiwa ndefu, kupanda huko nako ni kwa polepole. Kwa namna ya kawaida ya tangu zamani ya TCP, kanuni inayoongoza utumaji huo, paketi moja tu ikipotea katika kila 1,000, mwendo wa muunganisho mmoja hauvuki megabiti 3 kwa sekunde. Haijalishi umelipia 20 au 200. Zile saa sita zinakuwa saa 38. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba laini hiyo hiyo ikijaribiwa na seva iliyo karibu, mjini hapa au Mombasa, inaonekana nzima, kwa kuwa safari ni fupi na mtumaji hurudia kasi yake mara moja. Kampuni inapima kwa seva ya karibu, inasema "laini iko sawa", mteja analipia kifurushi kikubwa zaidi, na hakuna kinachobadilika. Amenunua jahazi kubwa zaidi lenye tundu lile lile.

Kalafati ya laini ni kazi ya mikono. Kwa pwani yetu tundu huwa juu ya paa: kiunganishi cha waya kwenye redio au dishi, kilichoachwa wazi kwa upepo wa bahari. Shaba inaota kijani, mguso unakuwa wa kubahatisha, na paketi zinaanza kudondoka, hasa asubuhi penye umande. Kata kichwa cha waya nyuma hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, tia kichwa kipya, kizungushie tepi ya mpira inayojigandisha yenyewe kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze, na juu yake tepi nyeusi ya kuzuia jua. Waya usiingie moja kwa moja ukutani. Uning'inie kidogo kama tumbo chini ya tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondokee pale na yasifuate waya mpaka kwenye ruta. Ndani, angalia swichi ya zamani ya megabiti 100. Ikiwa ndiyo inayotoka kwa nahodha, kugawa zile gigabaiti 51 kwa maabara kutachukua zaidi ya saa nzima. Ya gigabiti moja ni dakika 7.

Wakati tundu linatafutwa, yako ya kupunguza hasara. Pakueni kwa miunganisho minane sambamba badala ya mmoja, kwani kila mmoja hubanwa peke yake. Tumieni programu inayoendelea ilipokomea laini ikikatika. Kila faili lipimwe kwa alama yake ya sha256, tarakimu zinazobadilika faili likibadilika hata kidogo, kabla ya kuingia foleni, kwa sababu faili lililofika nusu halilalamiki. Hutoa majibu ya uongo tu. Na mradi uchague mfumo ambao mashine zetu ndizo zinazokwenda kuomba kazi, kama BOINC, kwa kuwa laini nyingi za simu haziruhusu seva ya nje kugonga mlango wetu. BOINC huweza kuweka akiba ya kazi za siku mbili au tatu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika, maabara yenye akiba ya namna hiyo ingeendelea kuhesabu.

Tusidharau diski pia. Darubini zilizotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, hazikutuma data zao kwa intaneti. Zilijaza diski, zikapandishwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja majira ya baridi yaishe ndipo zitoke. Diski ya terabaiti 4 ikitoka Lamu kwa boti hadi Mokowe na kwa basi hadi Malindi, tuseme saa 6 pamoja na kungoja, imesafirisha data kwa mwendo wa karibu megabiti 1,500 kwa sekunde. Hakuna shule Lamu yenye laini hiyo. Diski iwe imefungwa kwa nywila, ifungwe ndani ya sponji na mfuko usiopitisha maji, na nakala ya Lamu isifutwe mpaka alama za sha256 zisomwe Malindi na zilingane.

Jambo moja tulitaje kwa ukali. Data za wagonjwa, hata zikiondolewa majina, zisitumwe kwenye maabara za shule wala kwa wanaojitolea. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wapo watafiti wenye seva zao zilizolindwa, kama KEMRI-Wellcome pale Kilifi. Maabara zetu zihesabu mikoko, nyota na data zilizotungwa kwa kuiga. Na kila kipande cha kazi kipewe mashine mbili tofauti, majibu yalinganishwe. Yasitakiwe kufanana mpaka tarakimu ya mwisho, kwani prosesa za aina mbili hukadiria tofauti kidogo mwishoni. Wekeni kiwango cha tofauti kinachokubalika kabla ya kuanza. Hii inarudufisha kazi, ndiyo, na zile duru 11 zinakuwa usiku mbili. Jibu lisiloaminika halina faida hata likija haraka.

Tunachoomba kwa kaunti za Kilifi na Lamu ni kidogo kuliko jengo. Kwa kila maabara itakayoanza: betri 30 za CR2032, UPS moja ya nahodha, diski mbili za nahodha na moja ya kusafiri, swichi ya gigabiti, mafungu mawili ya tepi ya mpira, na fedha za stima zilizotengwa kwa jina lake katika bajeti. Juu ya hayo, fundi mmoja kwa kila shule tano, mwenye mkataba wa miaka na si wa miezi mitatu. KENET, ambayo tangu mwaka 1999 imejengwa kwa ajili ya mitandao ya elimu, iombwe kupima laini hizi mpaka Ulaya, isiishie Mombasa.

Na shule isingoje barua ya kaunti ili kujua hali yake. Jioni moja, kompyuta zote zikiwa zimezimwa isipokuwa moja, iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, itumiwe amri ya ping, inayotuma paketi na kungoja jibu, yenye paketi 10,000 za baiti 1,400 kuelekea seva iliyo Ulaya. Itachukua karibu saa tatu. Mwishoni soma asilimia ya zilizopotea. Ikizidi asilimia 0.01, rudia jaribio kuelekea ruta yenyewe, kisha kuelekea kifaa cha kwanza cha kampuni. Pale upotevu unapoanzia ndipo penye tundu. Likiwa ni upande wenu, alfajiri fundi apande paani na koleo la kubania vichwa vya waya, kabla jua halijakausha umande.

Mafundi wa mitandao na walimu wa kompyuta,
Malindi